Siku Shefu Moshi Alipojidai Mchinjaji

Haya, chekeni mapema mumalize, maana aibu hii nikiisimulia mimi mwenyewe angalau inabaki na ukubwa wake. Wakiisimulia wengine pale soko ya Kasongo, mbuzi anaongezewa pembe na mimi naongezewa machozi (machozi yalikuwepo, sikatai, lakini na moshi ulikuwepo).

Jina langu Donatien, ila kwa televizyo mi ni Shefu Moshi. Kazi yangu ni michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Nilianza na ringi ya gari kuukuu niliyoigeuza jiko, nikapata wavu, nikapata benchi mbili, na leo mwaka wa sita kila Ijumaa alasiri ile televizyo ndogo ya mjini kwetu inaleta kamera mpaka kwenye paseli yangu, uani kwangu hapa, emisyo, yaani kipindi, inapita moja kwa moja, mi nageuza nyama, mtangazaji, Mamu Solange, ananiuliza maswali, watu wanakula. Na mi ni mtu wa kuota, tangu utotoni. Makala, yaani makaa, yakishika moto, mafuta yakaanza kudondoka, ule moshi unapanda polepole kwenye jua la saa kumi, nasahau kama niko Kasongo, najiona Kinshasa, kwenye bango kubwa juu ya barabara, nimevaa kofia nyeupe ndefu, niko peke yangu, natabasamu, na magari yanapita chini yangu taratibu kabisa.

Sasa mujue kitu kimoja. Mi ni Mkristo, kwetu ni wakulima wa Lusangi, na wateja wangu wengi ni Waislamu wa mjini, wanakula kwangu bila wasiwasi kwa sababu moja tu: Baba Ramazani. Kila asubuhi anafika na baiskeli yake, kisu amekifunga kwenye kitambaa, anamlaza mbuzi kuelekea Kibla, anasema "Bismillahi, Allahu Akbar," anachinja. Mimi wakati huo niko nyuma ya nyumba nimeziba masikio, kwa sababu (hili hata mke wangu alilijua baada ya ndoa) damu inanishinda, nikiiona tu nazimia.

Baba Ramazani ni mzee wa maringo kidogo. Miaka yote hiyo alikuwa akiniuliza, "Na mimi utanitaja siku gani kwa televizyo, mutoto yangu?" Ijumaa ile nikamwahidi. Akaja na kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya, akakaa benchi ya mbele, mgongo wima. Dada yake alikuwa ametoka mbali, Wamaza, kwa pikipiki, njia ile mbovu munaijua, ili aketi na majirani mbele ya televizyo amwangalie kaka yake akitajwa.

Emisyo ikaanza. Nyama ilikuwa nzuri siku ile, jua lilikuwa zuri, moshi ukanizunguka, na ile taa nyekundu ya kamera ikawa inaniangalia mimi tu. Mamu Solange akauliza, "Shefu, nyama tamu hivi, nani anakusaidia?" Wallahi nilikuwa nimeshapanda kwenye bango langu la Kinshasa. Nikasikia sauti yangu ikitoka mbali, tena tamu: "Hakuna mutu. Ni mimi mwenyewe, toka kamba mpaka sahani."

"Hata kuchinja?"

Pale ndipo ningeshuka. Sikushuka. "Hata kuchinja."

Jamani! Bibi Zaina, muuza mchele, ambaye ananiita mume wangu tangu nikiwa na kaptula, alikuwa na pande la nyama karibu na mdomo. Akalirudisha kwenye sahani. Mwanamume mmoja akasimama akaenda kusukutua. "Donatien," Bibi Zaina akasema (jina zima, mujue mambo yameharibika), "miaka sita unatulisha nini?"

Mamu Solange naye, akitaka kuokoa emisyo yake, akacheka, "Basi tuonyeshe, Shefu!" Na mbuzi wa kesho alikuwa pale, amefungwa kwenye nguzo. Ningesema ukweli, maneno matatu tu, nikaona haya. Nikashika kisu cha kukatia nyama, nikajiambia kabla sijafika watanizuia. Hakuna aliyenizuia. Mbuzi akanitazama, akalia mara moja. Baada ya hapo nakumbuka mbingu, nyeupe, inazunguka polepole, na nikasikia raha kabisa.

Nilipozinduka, kumbe mbuzi sikumgusa hata unywele. Mamu Solange aliitupa mikro, kipaza sauti chake, ili anidake, kamba ya mbuzi ikachomoka nguzoni ikajifunga kwenye waya wa mikro, mbuzi akakimbia nao, na Kasongo nzima ikasikiliza mbuzi akipumua kwa televizyo. Bibi Zaina alikuwa ananimwagia maji usoni. "Huyu? Huyu achinje? Hata kuku hawezi!" Watu wakacheka mpaka wakashikana. Lakini Bibi Zaina sahani hakuigusa. "Sasa nimwamini nani, yule aliyesema ao huyu aliyeanguka? Mi sikuli hapa mpaka nimusikie Ramazani mwenyewe."

Tukageuka wote. Benchi ya mbele ilikuwa tupu.

Jumamosi hakuja. Jumapili hakuja. Makala yangu yakakaa meusi, na mi nikakaa mbele yake bila ndoto hata moja. Jumatatu nikaenda kwake kwa miguu. Dada yake akafungua mlango, "Aa, Toka-kamba-mpaka-sahani, karibu." Baba Ramazani alikuwa ananoa kisu ambacho hakikuwa na kazi. Hakuniangalia.

"Watu kukuhama, hiyo ni shida yako," akasema. "Mi iliniuma ile benchi. Nilikaa pale nikingojea jina yangu."

Nililia, nasema wazi. Nikamwambia, "Baba, nilikosa mbele ya watu wote, mbele ya watu wote nitasema." Akajaribu ncha ya kisu kwa kidole. "Tutaona Ijumaa."

Ijumaa asubuhi nikasikia kengele ya baiskeli, nikakimbilia nyuma ya nyumba kuziba masikio, na sijawahi kuziba masikio kwa furaha namna ile. Alasiri, kamera ileile, taa ileile, nikasema yote: Baba Ramazani ndiye anayechinja, tangu mbuzi wa kwanza, na mimi najificha. Kisha akapewa mikro. Alikuwa na hotuba ndefu, dada yake aliniambia wiki nzima aliisomea kuku uani. Taa nyekundu ikamtazama. Akafungua mdomo, akafunga. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, vile anavyosema kila asubuhi, "Bismillahi, Allahu Akbar." Basi, akarudisha mikro.

Bibi Zaina akangoja kidogo, kisha akavuta sahani. "Haya, mume wangu, leta na pilipili."

Neno "mimi mwenyewe" nimeliacha, hata mke wangu akiuliza nani kamaliza sukari, najibu "sisi". Kuota sijaacha, moshi ukipanda bado naenda Kinshasa. Ila siku hizi kwenye lile bango tuko wawili, na mmoja amevaa kofia mpya.