Ekidor Alipokuja na Mtumbwi wa Njano

Usiku ule nililala na makoma tumboni, kama usiku wote wa mwaka ule. Mahindi ya msaada yalikuwa yameisha, maziwa ya ngamia wakinywa watoto, na sisi wakubwa tukitwanga matunda ya mkoma, ule mti unaofanana na mnazi, mpaka meno yakawa na rangi ya kutu. Anayetaka kujua mwaka nitamwambia hivyo. Ule wa kwenye kalenda awaulize waliosoma.

Nililala pia nimejaa majivuno. Mjukuu wangu Nakiru alikuwa amerudi nyumbani. Huko mbali, kwenye mto mkubwa, alijifunza kushuka maporomoko kwa kayaki, mtumbwi wa plastiki wa mtu mmoja; unakaa ndani kiuno kimefungwa, mkononi una kasia lenye vichwa viwili. Alikuja na wenzake na kiongozi wao, Denis, kijana wa Nairobi. Walikuwa wakingoja mvua inyeshe milimani ili korongo letu, ambalo mwaka mzima ni mchanga na mawe, lijae maji washuke nalo. Hakuna aliyewahi kulishuka. Nakiru ndiye angetangulia, kwa kuwa yeye ni mtoto wa hapa.

Jioni ile Denis alikuja kuniomba ruhusa, nikampa. Nilimpa pale kwenye visima vya mchangani, mbele ya wanawake, kwa sauti, wasikie vizuri.

Akai jirani yangu akauliza, "Kwani mjukuu wako ana mkia wa kambare?"

"Wako hana hata miguu ya kumfikisha shuleni," nikamjibu. Tukacheka. Nikaenda kulala.

Basi nikamwona Ekidor.

Ekidor ni mume wangu. Aliingia korongo lile kufuata mbuzi, mbingu nyeupe, wingu hakuna hata la kufunika kidole, na maji ya mvua iliyonyesha mbali yakamkuta humo. Tulichopata ni kiatu chake kimoja cha tairi. Kimetundikwa nyumbani kwangu mpaka leo. Na tangu siku hiyo hakuwahi kunijia ndotoni. Kwa dada yake alikwenda. Kwa binamu yake mlevi alikwenda, akamwomba tumbaku, na yule mlevi akaja kunisimulia kana kwamba ameongezewa ng'ombe. Kwangu mimi, niliyemzalia, niliyelia mpaka sauti ikakauka, hakuja.

Sasa yuko katikati ya mchanga mkavu, amekalia kayaki ya njano ya Nakiru kama mtu aliyepanda punda. Amenenepa. Mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu.

"Una tumbaku?" ananiuliza.

Hakuna salamu. Hakuna hata kuuliza nimeishije. Nilisikia hasira inapanda kutoka magotini. "Miaka yote hii," nikamwambia, "halafu unaanzia kwenye tumbaku? Wewe uliyekuwa unaogopa maji ya kunawa uso, leo unapanda mtumbwi?"

Akacheka, lile cheko lake la puani. Anapiga kasia mchangani, na mchanga unampisha kama maji. Namfuata kwa miguu, namtukana yeye na ukoo wake, huku kuta za korongo zinapanda pande zote mbili, nyekundu, mpaka mbingu inakuwa nyembamba kama mshipi. Sijui tulifikaje pale tunapopaita Kooni, ambapo ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku.

Nikainama kupita, na nilipoinuka niko jikoni kwangu. Ekidor amechuchumaa karibu na moto, anamimina chai kwenye chujio langu, lile lililopinda mkono. Chai inapita. Majani yanabaki. Anamimina tena, na sasa ni maji ya udongo, mekundu, hayaishi. Kwenye chujio vinabaki vijiti, na mizizi, na gogo la mkoma dogo kama kidole, limekwama kutoka upande hadi upande. Na chini ya gogo imebanwa shanga ya bluu.

Naijua shanga ile. Nilimtungia Nakiru siku aliyokwenda shule, bluu moja kati ya nyekundu tupu, nisimpoteze kati ya watoto wa watu.

"Maji yanapita," anasema Ekidor.

Naye ananitazama, na moto haupo, jiko halipo, tuko Kooni tena. Nakiru amekaa ndani ya kayaki yake, kiuno kimefungwa, amenipa mgongo. Namwita, hageuki. Ekidor ameshika ncha ya mtumbwi kwa mkono mmoja, kama mtu anayemshika mbuzi aliyekwisha kununuliwa.

"Niache naye," anasema. "Huku niko peke yangu. Na wewe umekwisha kumtoa. Nilikusikia kisimani."

Nikalipuka. Nilimwambia mtu mzima, marehemu, maneno ambayo hata akiwa hai sikuwahi kumwambia. Nilimwambia hana haya. Nilimwambia mtoto yule nilimlea kwa mbuzi wale aliowaacha, waliobaki baada ya wale aliokufa akiwafuata kwa ubishi wake, na nilipokuwa nakesha naye ana homa, yeye alikuwa wapi? Kwa binamu yake, anavuta tumbaku! Nikaishika kayaki kwa nyuma. Plastiki inateleza, kucha zinakatika, na huko juu nasikia maji yanakuja, sauti ya ng'ombe wengi wanaokimbilia kunywa.

"Nimeshatoa mmoja," nikamwambia. "Wa pili simtoi."

Akaachia mkono.

Hacheki tena. Uso wake umekuwa ule wa kijana aliyekuja kunichumbia, mnyonge, hajui aweke wapi mikono. "Hayo ndiyo niliyoyafuata," anasema. "Usiyaache huku. Kayaseme mchana."

Akanyoosha ule mguu mtupu, kama anadai kiatu chake. Nikageuka kukitafuta, na maji yakafika.

Niliamka. Kiatu kiko pale pale kwenye msumari. Kumepambazuka, na milimani kunanguruma. Nilimmwagia Ekidor tumbaku mlangoni, kidogo tu, kwa jinsi alivyonikera, nikachukua kiatu nikaenda.

Niliwakuta Denis na vijana wake visimani wanafunga kofia zao ngumu. Wanawake walikuwepo wote, na Akai mbele. Niliweka kiatu cha tairi juu ya kayaki ya njano.

"Nyanya, jana si ulikubali?" Denis akasema, kwa upole, kama unavyosema na mgonjwa. "Tumepiga picha korongo lote kutoka juu, kwa kamera ya kuruka. Njia iko wazi."

"Kutoka juu hata chujio ni sahani," nikamwambia. "Pale Kooni mliteremka kwa miguu mkatazama chini?"

Akamtazama Nakiru. Nakiru akatazama kasia lake.

"Kuna gogo pale," nikasema. "La mkoma. Maji yatapita chini yake, ninyi hamtapita."

"Nyanya, nani amekwambia?"

"Babu yako."

Mmoja wao akacheka, akaacha. Nakiru akanisogelea, macho yamemjaa machozi, shanga yake ya bluu inapanda na kushuka shingoni. "Unaniaibisha, nyanya. Mbele ya watu wote."

"Mkia umekatika?" Akai akauliza kwa nyuma.

Nilikaa juu ya ile kayaki, na kiatu cha Ekidor mapajani, uzito wangu wote, anayetaka aniondoe. Maji yalikuwa yameanza kusikika. Nikasema kwa sauti ile ile ya jana, wasikie vizuri:

"Nimeshatoa mmoja. Wa pili simtoi."