Majina Aliyokataa Kuyaita Mama Mkwe

Sijuti. Naanza na hilo ili mtu asisome huku akingoja niombe msamaha.

Miaka sita mama mkwe aliniita shamba la mawe. Si kwa siri, ebo! Mbele ya wanawake wenzake wa kanisa, nyumbani kwetu Munyaka, kikombe cha chai yangu kikiwa mkononi mwake. Nami nilijua asilolijua: vipimo vilionyesha mimi ni mzima, na mbegu za mwanawe ndizo zilikuwa chache na dhaifu. Siku tuliyopewa majibu, mume wangu alinishika mkono nje ya kliniki akalia. "Usimwambie Mama, tafadhali. Ataniona si mwanaume." Nilimpenda, nikaapa. Tasa nikawa mimi.

Tukaanza matibabu ya kupandikiza mimba. Nilidungwa sindano za tumbo kila siku, mayai yangu yakatolewa, daktari akachukua mbegu ya mume wangu akaiingiza ndani ya yai, na siku ya tano kilichoota kikarudishwa tumboni. Mara ya kwanza hakikushika. Nililia wiki nzima. Mara ya pili kikashika.

Mama mkwe alipopata habari, maswali yakaanza. Ati mtoto wa chupa atakuwa na roho? Atatembea kama wenzake? Wakichanganya chupa za watu je? Hayo niliyajibu kwa upole, maana hata mimi nilikuwa nimemuuliza daktari swali la chupa, naye hakunicheka. Alisema kila chupa huandikwa jina na kukaguliwa na watu wawili. Lakini lilikuwepo moja alilolirudia kila Jumapili: "Hiyo mbegu mlinunua wapi?" Mume wangu akawa anainamia simu yake. Ai, ile simu! Nilitamani kuitumbukiza kwenye sufuria.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mapafu mazima. Kwetu jina la ukoo hutolewa na wanawake wazee. Wanakaa na mtoto, wanaita majina ya wafu wa upande wa baba, moja baada ya jingine, na lile atakalolipigia chafya ndilo lake. Asipoitiwa, anabaki mgeni kwa baba yake. Wazee wakaja, wakakaribishwa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, wakamngoja mama mkwe aanze, kwa kuwa ndiye bibi.

Akakunja mikono. "Kwanza niambiwe. Niite wafu wa ukoo gani?"

Nilimgeukia mume wangu. Nilimpa nafasi, Mungu shahidi. Nilimtazama mpaka akajua ninangoja nini. Akatoa simu mfukoni.

Haya basi, dawa ya moto ni moto.

"Mama, ita wa kwenu," nikasema. "Mbegu ni ya mwanao. Mimi sina kasoro, sijawahi kuwa nayo. Yeye ndiye hakuweza kunipa mimba bila daktari, na miaka sita nimebeba aibu yake huku ukinitukana." Nikatoa karatasi ya vipimo kwenye mkoba wa nepi. Nilikuwa nimeiweka humo makusudi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akavaa miwani akaisoma kwa sauti, kila mstari. Sikumzuia. Nilisikia raha, naungama, raha ya kukuna mahali palipowasha miaka.

Mama mkwe akaanza kuita. Jina la nne lilikuwa la baba mkwe wake. Mtoto akapiga chafya, wazee wakapiga vigelegele. Mama mkwe akanyoosha mikono ampakate. Nikafungua vifungo vya blauzi nikamnyonyesha, nikaiacha mikono yake hewani mpaka akairudisha mwenyewe.

"Ana njaa, Mama," nikamwambia.

Wageni walipoondoka, mume wangu alisimama mlangoni, macho mekundu. "Ilikuwa lazima useme mbele ya watu wote?"

"Na mimi nilikuwa nikitukanwa mbele ya nani?"