Habari Mbaya kwa Kiingereza cha Ofisini

Mwalimu Loserian ananichosha, sikufichi. Tunafundisha pamoja Kiingereza kwenye sekondari moja huku Olmotonyi, na kwake yeye, asiyejua Kiingereza cha ofisini hajasoma. Mvua inyeshe, jua liwake, ubaoni kuna maneno yake makubwa, na wanafunzi wayatungie sentensi.

Siku hiyo yalikuwa "I regret to inform you", maneno ya kumpa mtu habari mbaya kwa heshima. Mimi nilikaa nyuma nikisahihisha madaftari. Wakaandika ubaoni, mmoja mmoja: basi limechelewa, mkutano umeahirishwa. Kisha akaja Nkasiogi wa kidato cha nne, binti mpole, kichwa kweli kweli. Akaandika kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba anasikitika kuarifu hatafanya mtihani wa mwisho.

"Sahihi kabisa! Makofi ya kilo!" Darasa likapiga: pa, pa, pa! "Mfano mzuri sana," Loserian akasema, meno yote nje.

"Si mfano, mwalimu."

Jamani! Nilishtuka mpaka kalamu ikaanguka.

Mama yake alikuwa amevunjika mguu, na nyumbani kuna wadogo zake, mapacha. Hakuna aliyemwambia aache shule. Aliamua mwenyewe, na baba yake hakujua lolote kuhusu uamuzi huo.

"Mbona hukusema mapema?" Loserian akamwuliza kwa upole ambao sikujua kama anao.

"Kwa lugha ya nyumbani nikianza tu, nalia. Kwa Kiingereza ni kama anasema mtu mwingine."

Nikadhani sasa tutapigwa hotuba. Wapi! Jioni Loserian alimsindikiza binti kwao, nami nikafuata. Umbea wangu naujua. Koikai, baba mtu, akatupokea: "Shikamoo, mwalimu." Akatuletea stuli. Loserian akakataa kumsemea binti. "Mwenye maneno ni huyu. Haya mwanangu, mwambie baba, kwa lugha yenu."

Nkasiogi akalia kwanza. Kisha akasema anaacha shule, na kwamba hataki kuacha. Niliona uchungu, nikatazama pembeni.

Koikai akawageukia mapacha. "Kwa hiyo ukienda shule, hawa wadogo nani atawapikia uji?"

"Ndiyo maana, baba."

"Ndiyo maana nini? Mimi sina mikono?"

Asubuhi ya mtihani majirani walimcheka Koikai weee, mwanamume mzima kashika mwiko, mkewe akimwelekeza kutoka kitandani. Uji ulikuwa mabonge matupu. Nkasiogi aliunywa, akaenda kufanya mtihani.