Mpaka Niseme Kaeni

Waraka uliobandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu unatamka kwamba heshima darasani haijengwi kwa woga. Kwamba fimbo imekoma. Na kwamba mwalimu aliyeiva husimama mbele ya wanafunzi wake akiwa na amani moyoni. Umetiwa saini na mkaguzi wa shule mwenyewe, na mhuri juu yake.

Mwalimu wa hesabu wa kidato cha pili aliusoma kila asubuhi. Alikuwa bado kwenye majaribio, na mkaguzi huyohuyo alikuwa anakuja kuamua kama athibitishwe kazini au afungashe virago arudi kwa mama yake. Wanafunzi walimwita Tetemeko, kwa jinsi chaki ilivyogongagonga ubao kabla hajaandika chochote.

"Mwanangu, si watoto tu wale?" mama alimuuliza.

"Mama, wana ndevu."

Wiki iliyotangulia walikuwa wamekaa kabla hajaitikia salamu yao. Akajikaza, akafoka kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua: "Kuanzia leo hakuna kukaa mpaka niseme kaeni." Nyuma wakacheka. Msichana aliyeitwa Spika, kwa kuwa hakuna hoja iliyopita bila yeye, akasema kwa upole wa kutia wasiwasi, "Tumesikia, mwalimu. Mpaka useme."

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi aliingia kwa mlango wa nyuma, alikowekewa kiti. "Endelea tu, mwalimu," alisema. "Nichukulie kama sipo."

Darasa likasimama, likasalimu kwa sauti moja. Mwalimu akaitikia, akaugeukia ubao upesi na kuandika mfano wa kujumlisha sehemu. Alipogeuka, walikuwa bado wamesimama. Wote.

Jasho likamtiririka mgongoni. Wamepanga, akawaza. Wameingojea siku ya leo ili wanimalize. Walikuwa warefu kuliko alivyowakumbuka. Akauliza swali, akajibiwa sawasawa, na hilo likamtisha zaidi. Watu wenye nia njema hawajui sehemu kiasi hicho. Mkaguzi hakuonekana, alikuwa amefichwa na ukuta wa mashati meupe.

Kipindi kilipokaribia kwisha, Spika akanyoosha mkono. Mwalimu akaiona kazi yake ikining'inia kwenye vidole vile.

"Sema," akamwambia, kwa sauti ya mgonjwa.

"Samahani, mwalimu. Miguu inawaka moto. Hujasema kaeni."

Ilimchukua muda kuelewa. "Kaeni," akanong'ona.

Madawati yakalia kwa pamoja. "Asante, mwalimu," mtu akaguna kule nyuma, "nilishaanza kuota mizizi." Darasa likacheka na mwalimu naye, bila kutarajia, akajikuta anacheka.

Sasa mkaguzi akaonekana. "Mwalimu, heshima kama hii sijaiona mahali popote," alisema. "Na hakuna hofu hata chembe. Nakuthibitisha."

Kiti alichofutiwa vumbi kilikuwa mwisho wa darasa, ubavuni mwa wale wenye ndevu, na hakuna aliyekuwa amekikalia. Kipindi chote mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.