Gari Linalozima Konani

Asubuhi, kibanda cha mabati kinanuka petroli. Mke wa Fundi Kabureta ameinamia injini ya teksi kuukuu, bisibisi mkononi. Fundi mwenyewe amekaa juu ya tairi, mikono ameibana katikati ya mapaja isitetemeke.

"Lipinde kidogo hilo boya," anasema. "Kidogo, mama! Hiyo si kamba ya kuanikia nguo."

"Basi njoo ufanye mwenyewe."

Mara mkewe anajutia kauli yake. "Nisamehe, mume wangu."

Fundi huyu ana umri wa miaka 61, na jina hilo alipewa na madereva kwa kuwa hakuna kabureta iliyomshinda. Miaka mitatu iliyopita ukaja ugonjwa wa kutetemeka. Daktari alimweleza kwamba dawa zitaupunguzia makali, hazitauondoa. Zamani alipokea magari manane kwa wiki. Mwezi huu amepata hili tu.

Ubovu wa teksi hii anaujua. Likikata kona kali, petroli hukimbilia upande mmoja wa bakuli la kabureta, boya linaloelea humo linafunga njia ya petroli mapema, injini inakosa mafuta na kuzima. Wiki iliyopita lilizima mbele ya lori, mama mzazi wa dereva wa teksi akiwa kiti cha nyuma. Lori liliwakosa chupuchupu.

"Mama hataki kulisikia tena," anasema dereva, rafiki wa fundi tangu ujana, aliyekuja kuliangalia gari lake. "Na mimi naogopa, sikufichi."

Wanatoka kulijaribu, wote watatu. Kona ya kushoto linapita bila kusita, na mke wa fundi anapiga makofi. Kona ya kulia injini inakohoa, inakohoa tena, kisha kimya.

"Ndugu yangu, umejitahidi," anasema dereva. "Kesho nalipeleka kwenye chuma chakavu."

"Nipe siku moja tu."

"Siku moja hiyo umeniomba tangu Jumatatu."

Wanalisukuma kurudi. Fundi anasukuma kwa bega, maana viganja havishiki.

"Kichwa kinajua, mikono ndiyo imenisaliti," anajisemea kibandani, dereva akiwa ameshaondoka. "Kumwelekeza mke wangu ni kama kumfundisha mtu kumeza. Boya limepindwa likazidi kwa upana wa unywele mmoja, nami siwezi kumwonyesha huo unywele."

"Sasa utafanyaje?" anauliza mkewe.

"Kesho nitamwahi dereva kabla hajalipeleka. Akikataa, nitamwomba aniachie hata kabureta. Nitaisafisha, nitaifunga upya mpaka ikubali."

Mkewe anaacha kufuta spana.

"Utaifunga kwenye gari gani, baba?"

Fundi anarudi kukaa juu ya tairi, anaibana tena mikono katikati ya mapaja.