Gamba la Samaki wa Nyuma ya Ukerewe

Enzi zetu kule Pasiansi, bati lilikuwa gamba la samaki. Ninyi mliokulia mjini msicheke bado, ngojeni nimalize. Samaki mwenyewe aliishi kwenye kina kirefu nyuma ya Ukerewe, mkubwa kuliko meli mbili zilizofungwa pamoja, na Wazungu walimvua mara moja tu katika miaka mingi. Wakimpata, humparua magamba, huyaanika juani mpaka yakauke na kujikunja mawimbi, kisha humuuzia Mhindi wa dukani Nyamagana. Ndiyo maana bati lilikuwa ghali: samaki mmoja, magamba yake yana mwisho. Aliyenieleza hayo ni baba yangu mzazi, na baba yangu hakuwa mtu wa masihara.

Nilikuwa na ushahidi. Kwanza, mabati hulaliana juu ya paa kama magamba yanavyolaliana juu ya sato. Hilo hata kipofu angeliona. Pili, nililionja. Siku moja baba alinichukua mjini kuuza ngozi, nikajipenyeza nyuma ya duka palipoegemezwa mabati, nikalamba moja kuanzia chini mpaka ulimi ulipofika. Lilikuwa na ladha ya damu. Mwenye duka akatoka mbio, upindo wa kanzu ameukusanya mkononi. "Toto wewe! Toka hapo! Bati si sukari guru!" Baba aliomba radhi, na njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu kwa hatua ndefu. Mimi nilidhani amekasirishwa na ulimi wangu.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, imeegemea jiwe kubwa kama tembo aliyepiga magoti. Nyumba ya namna hiyo, ndugu zangu, haikuwa na bei. Nguzo na fito ulikata mwenyewe, udongo ulikuwa chini ya miguu yako, nyasi zilikuwa mbugani zikikungoja. Ulichohitaji ni mbuzi mmoja, chungu cha pombe ya mtama, na kinywa cha kuwaita majirani. Wanaume walikuja na mizigo ya nyasi vichwani, wakaezeka huku wakitukanana kwa upendo, na jua likizama nyumba ilikuwa imevaa kofia mpya. Harufu ya nyasi mbichi ikichanganyika na nyama ya mbuzi, hakuna harufu iliyoishinda. Nilizaliwa na pua, najua ninachosema.

Bati halikuja kwa pombe. Bati lilitaka shilingi, shilingi zilitoka kwenye pamba, na pamba ilipangiwa bei na watu tusiowajua hata sura. Shilingi ikishafika nyumbani, kodi ilikuwa imeshakaa mlangoni inaisubiri.

Sasa kosa la baba lilikuwa hili. Mwaka mmoja pamba ilikubali kidogo, naye akatangaza mbele ya majirani, pombe ikiwa kichwani: "Paa hili haliezekwi nyasi tena. Mke wangu atalala chini ya bati." Watu wakampigia vigelegele. Tangu siku hiyo akajifunga mwenyewe. Angewaitaje tena waje na nyasi?

Nyasi zikaoza. Mvua ya Mwanza ya siku zile haikuwa hii ya kudondokadondoka. Ilikuwa na mikono, ilichimba paa. Mama alikuwa na kifua kibovu. Usiku alihamisha kitanda chake cha kamba kutoka pembe hii kwenda ile, akipanga vyungu chini ya matone, akikohoa, nasi watoto tukimfuata na mkeka kama vifaranga. Kila msimu baba alikwenda mjini na pesa ya pamba, na kila msimu alirudi na chumvi, jembe na kipande cha kitambaa cha marekani. Mama alimuuliza neno moja tu: "Vipi?" Baba akajibu huku akitazama ziwani, "Samaki hajavuliwa mwaka huu."

Mashauri, rafiki yangu, mjomba wake alikuwa kuli bandarini. Akaniambia bati ni chuma, mjomba hulibeba kila siku. Nikamwambia, "Mjomba wako anabeba asichokijua!" Tukapigana hadi shati lake likabaki kola. Sikutetea samaki pale. Nilimtetea baba.

Masika yaliyofuata ukuta wa upande wa ziwa ulimomonyoka kama jivu, na mama akawa anakohoa damu. Baba alikuwa amekwenda kupalilia pamba ya watu. Mama akajifunga kitenge, akazunguka nyumba kwa nyumba, nami nimeshika upindo wake. Kila mlango alisema hivyo hivyo: "Samaki amechelewa. Tusaidieni nyasi."

Niliogopa watacheka. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja, jirani yetu mkali ambaye kila siku alitufukuza kwenye viazi vyake, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Samaki akichelewa watu hula mboga. Kesho tunakuja." Walikuja wengi kuliko siku ya harusi. Mbuzi hatukuwa naye. Wanawake walikuja na matobolwa yao wenyewe, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, wakapika chai ya mchaichai. Baba aliporudi alikuta ukuta umesimamishwa na paa jipya la nyasi. Alilishika ukingo wake kwa kiganja, akaingia ndani. Sikumsikia tena akimtaja samaki.

Alifariki wakati wa vita vya pili vya dunia, akiwa chini ya nyasi zile zile.

Mimi nilipata kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Jioni nilisoma shule ya watu wazima, nikahitimu nikijua kusoma, kuandika na hesabu za kugawanya. Kuhusu samaki hakuna aliyenisahihisha huko, kwa hiyo nikabaki naye. Vita vilipokwisha nikanunua mabati, moja kwa mshahara huu, moja kwa mshahara ule, nikiyabeba kichwani hadi Pasiansi, upepo wa ziwa ukitaka kunirusha Uganda. Nikamwezekea mama.

Leo vijana wanataka saruji, sakafu nyekundu na dari, na hujenga bila jirani kujua nani anajenga. Kutoka Butimba hadi Pasiansi paa zinang'aa, wala sisemi ni vibaya. Lakini paa likivuja, mtu huhamisha kitanda peke yake.

Basi, mvua ya kwanza juu ya bati lile la mama ilinguruma hata hatukusikiana. Mama alikuwa amelala katikati ya chumba, kitanda hakijasogezwa, hakuna chungu sakafuni. Nikaketi miguuni pake. Ilipopungua nikasema kwa furaha, "Mama, laiti baba angeona. Kumbe safari hii samaki alivuliwa."

Alinitazama, mtu mzima mimi, mwenye cheti cha shule. Akanishika mkono.

"Bati ni chuma, mwanangu. Lilikuwapo dukani miaka yote. Baba yako hakuwa na pesa."