Sarafu ya Pembe Nne Iliyopigwa Mnada Nyololo

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliokula mahindi ya kuchoma huku mvua ya Mbeya ikipiga bati, kila mtoto alikuwa na ugonjwa wake wa kukusanya. Kuna waliokusanya vizibo vya soda, kuna waliokusanya karatasi za pipi. Mimi nilikusanya sarafu, tena zenye pembe tu. Ya duara nilikuwa nakupa ukanunue karanga, bila kinyongo.

Shilingi ishirini yetu yenye tembo ilikuwa na pembe saba, na nilikuwa na sarafu tatu za aina hiyo. Dereva mmoja wa lori la Zambia alinipa ngwee hamsini ya pembe kumi na mbili. Nilipenda kuzihesabu pembe zake kwa ulimi, mpaka siku mama aliponikuta. "Hiyo imeshikwa na dunia nzima, wewe unaila?" Kofi la mgongoni nililopigwa siku ile nalikumbuka hadi leo.

Kilichoninyima raha ni ya mraba. Mzee Kanji, aliyeuza vitambaa Mwanjelwa, alinidokeza kwamba India zipo. Kosa lake. Tangu siku hiyo kila nikitoka shule napitia dukani kwake na sare yangu yenye vumbi.

"Shikamoo, Mzee Kanji. Umeikumbuka?"

"Marahaba. Kesho, binti."

Kesho hiyo ilichukua karibu muhula mzima. Kumbe alikuwa anatafuta kweli, maana siku moja alivuta droo ya vifungo akatoa kitu kidogo cheupe, chepesi kama ganda la kitunguu. Paisa tano. Pembe nne!

"Chukua bwana, kwetu hata kiberiti hainunui."

Nilirudi nyumbani nimekunja ngumi, sikumwamkia mtu njiani. Watoto wa siku hizi wakipewa simu nzima wanasema "asante" huku wanatazama kwingine.

Likizo ya mwezi wa sita nilipelekwa Nyololo kwa bibi, mama yake mama. Wanaoijua Mufindi mwezi huo hawahitaji maelezo: ukungu hadi saa nne, na maji ya kunawa yanauma meno. Kopo langu la sarafu nililiweka chini ya kitanda cha bibi. Jumapili ya mavuno ikafika. Bibi akafunga mahindi na maharage ya sadaka, tukaenda kanisani.

Mliokulia huko mnajua ibada ikiisha kinachofuata. Kila kisichokuwa fedha, iwe jogoo, maboga au mayai, kinapigwa mnada nje ya kanisa. Watoto tunakaa mbele kwenye nyasi, akina mama wanasimama nyuma. Basi mzee wa kanisa akauza jogoo, akauza maboga, kisha akainua kitu kidogo kati ya vidole viwili.

"Jamani, hii tumeikuta kwenye kapu. Si ya Tanzania na haina hata uduara. Nani anaanza?"

Watu walicheka. Mimi nililia kwa sauti. Ilikuwa paisa yangu.

Bibi ndiye aliyeitoa. Asubuhi alifungua kopo langu, akaona fedha ya nchi ya mbali, akaamini Mungu ataipokea kwa heshima zaidi kuliko hizi zetu zilizozoeleka. Na mjukuu si alikuwa nazo nyingi! Kuirudisha sasa haikuwezekana. Sadaka ikishatolewa ni mali ya kanisa. Ukiitaka, inunue kama wengine.

Nilikuwa na tembo wangu watatu mfukoni, hao sikuwaacha koponi, na nilikuwa tayari kuwapoteza wote. Kwa aibu nikamsogelea mzee, nikamnong'oneza.

"Ishirini, hapa mbele!" akatangaza.

"Thelathini!" Alikuwa mwalimu wa kwaya, mrefu kama nguzo, amesimama kule nyuma.

Nikanong'ona arobaini. Akasema hamsini. Nikanong'ona sitini, hapo nimeishiwa, namwomba Mungu amfunge mdomo mwalimu.

"Mia!"

Mzee akapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimchukia mwalimu yule kwa moyo wangu wote, na ilikuwa Jumapili.

Watu walipoanza kutawanyika nikamwona bibi anakuja, kitenge kimemwanguka begani, mkono mmoja ameukunja.

"Shika, mwanangu. Wenzangu waliniambia unalia. Nikamwomba mwalimu anisemee, mimi sauti yangu haifiki. Lakini kuna tajiri gani pale mbele alikuwa ananipandishia bei?"

Nilimwonyesha tembo wangu watatu.

Bibi alinitazama, akazitazama sarafu, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Ile mia ilikuwa ya sukari. Wiki mbili tulikunywa uji wa chumvi, na kila nikikunja uso ananiuliza, "Tajiri, uji haushuki?"

Juzi Jumapili nimemwonyesha binti yangu paisa ile. Akaipiga picha, akaitafuta kwenye simu, akanionea huruma. "Mama, bei yake haifiki hata soda." Sikumgombeza; kizazi chao kila kitu lazima kiwe na bei ya mtandaoni.

Jumapili hiyo hiyo tulituma sadaka kwa simu, kila mtu na yake, kimya kimya, ujumbe ukarudi kabla ya amina. Ni rahisi, sikatai. Hakuna anayeweza tena kutoa kwa bahati mbaya furaha ya mtoto. Wala hakuna anayelazimika kusimama kwenye baridi ya Mufindi, na fedha ya sukari mkononi, kuinunua tena. Bibi yangu, jamani, nimemkumbuka mno.